Picha ya Boksi la Usigeuke

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zeyana alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia kibaraza cha duka la baba yake, Mzee Nabhan, pale mtaa wa Gongoni, Tabora. Ya pili ilikuwa kufuta madebe ya asali mpaka yang'ae. Kufagia alikufanya kwa kulipua. Kufuta madebe alikupenda, kwa sababu hapakukosekana tone lililochuruzika pembeni, na kwa hesabu za Zeyana, tone la pembeni halina mwenyewe.

Miaka ile ya Ujamaa, shule zilifundisha watoto kujitegemea. Darasa la tano walilima karanga, la saba walifuga kuku, na la sita, darasa la Zeyana, walitengeneza vitu vya kuuzwa katika duka la ushirika. Wengi walisuka vikapu. Lugembe, mvulana mpole kutoka Ziba aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake, alitengeneza mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa kipande cha katoni kilichochorwa njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji mpaka Tabora. Wachezaji walirusha dadu na kusogeza maharage meupe. Nyuma yao lilifuata harage moja jeusi. Kila mara dadu ya mtu ilipoonyesha moja, wenzake waligonga meza polepole, ko, ko, ko, na lile jeusi likasogea. Aliyefikiwa hakuruhusiwa kusema tena. Kazi yake ikawa kugonga tu. Basi wasemaji wakapungua, na mlio ukazidi. Lugembe aliuita Usigeuke, kwa sababu babu yake, Mzee Masolwa, aliyebeba mizigo ujanani kabla ya garimoshi kufika Tabora, alimsimulia kwamba mpagazi wa mwisho katika msafara alionywa hivyo. Akisikia nyayo nyuma yake, asigeuke.

Darasa zima lilicheza mchana kweupe na likatetemeka. Mwalimu Katarina alikuja kukemea kelele, akacheza "mara moja tu, kuangalia." Harage jeusi lilipomfikia, yowe lake lilisikika mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

Bwana Mfaume, meneja wa duka la ushirika, alikubali kuweka maboksi machache ya mchezo huo rafuni kwa majaribio. Watu wakiupenda, angeupeleka kwenye banda la duka siku ya Saba Saba. Lugembe alifurahi hadi akakosa usingizi. Akatuma salamu Ziba: Babu aje Saba Saba, ataikuta hadithi yake mezani.

"Zeyana, mchoraji wetu ni wewe," alisema Mwalimu Katarina. "Tuchoree picha ya juu ya boksi."

Zeyana alikuwa mchoraji kweli, na alijijua, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Alichora zimwi lenye vichwa saba. Akaona halitoshi, akaongeza nyoka. Akaongeza moto, fuvu, popo, na damu ikitiririka mpaka pembeni mwa boksi. Jina la mchezo aliliandika kwa moshi, likapotea humo humo motoni.

Lugembe aliitazama picha kwa muda mrefu. "Nzuri, Zeyana. Lakini zimwi hili halimo kwenye mchezo."

"Najua. Linawaita watu waje. Mchoraji ni wewe au mimi?"

Lugembe hakuwa mtu wa kubishana; akaanza kuyapanga maboksi.

Juma lile maboksi yaliondoka upesi, na upesi yakarudi. Siku chache kabla ya Saba Saba, Zeyana na Lugembe walipofika dukani, Bwana Mfaume alikuwa amekwisha yatoa rafuni.

"Shikamoo, Bwana Mfaume," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Yachukueni maboksi yenu. Watoto walionunua wameyarudisha wakiuliza zimwi liko wapi, nami sina zimwi la kuwapa. Wengine hawakujua hata kama ni mchezo. Mama mmoja alisimama pale mlangoni akaniomba ile dawa ya kunguni."

"Dawa ya kunguni?" Zeyana aliona uso ukimwaka.

"Kutoka mlangoni huoni jina wala kitu. Unaona wekundu na meno tu. Nisameheni, Saba Saba siwezi kuupeleka."

Nje ya duka, Zeyana alitafuta wa kumlaumu, akampata aliye karibu. "Kosa lako! Ungeweka zimwi ndani ya mchezo, wasingeurudisha!"

Lugembe aliyakumbatia maboksi kifuani. "Babu hakuona zimwi," alisema, na sauti yake ikakatika. "Alisikia nyayo. Sasa atatoka Ziba kote huko aje kuona nini?" Akaondoka bila kuaga.

Zeyana alirudi dukani kwa baba yake. Alimpenda Lugembe kama ndugu, na alijua amemuumiza. Alijikunyata nyuma ya madebe asionekane.

Muda si muda akaingia Mama Koleta, mteja wao wa siku nyingi. Alichukua ubua mrefu wa mtama kutoka kwenye fungu lililowekwa kando kwa kupimia asali, akauzamisha katika debe la asali mpaka ukagonga chini. Akauvuta, akalamba ncha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zeyana alikuwa ameona jambo hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Mteja alipoondoka, alichomoza kichwa.

"Baba, huoni vibaya mtu anayekujua akikupima hivyo?"

Mzee Nabhan alicheka. "Kumbe umo humo, panya wangu wa asali! Aone vibaya yule anayeweka asali safi juu na maji ya sukari guru chini. Mimi huwaambia wazamishe mpaka chini."

Zeyana alilitazama debe, kisha akaitazama mikono yake iliyochora zimwi. Alichukua karatasi, akakimbia nyumbani kwa mjomba wa Lugembe.

"Nisamehe," alisema mlangoni akihema. "Kosa ni langu. Hebu nisimulie tena hadithi ya Babu, nami safari hii nitasikiliza."

Lugembe alijaribu kununa, akashindwa. Akasimulia. Zeyana alichora mpagazi mmoja tu, kwa mbali, akionekana mgongo, na mzigo kichwani.

"Begani," alisema Lugembe. "Mnyamwezi hubeba begani."

Zeyana akafuta, akaweka begani. Nyuma ya mpagazi alichora njia nyeupe, na juu yake nyayo zake. Kisha, kando ya nyayo hizo, akachora nyayo nyingine zikimfuata, na juu ya nyayo hizo hakuchora mtu. Akaandika USIGEUKE kwa herufi nene nyeusi. Waliitundika ukutani, wakavuka barabara, wakaitazama kutoka upande wa pili. Jina lilisomeka. Wakainakili picha juu ya kila boksi, ikafunika lile zimwi.

Kesho yake waliyapeleka dukani. Bwana Mfaume alishika boksi moja, akaliangalia, akaanza kusema kitu, akaangalia tena. "Hizi nyayo ni za nani?" aliuliza.

"Ndiyo maana tunacheza, ili tujue," alijibu Lugembe. Bwana Mfaume akayarudisha maboksi rafuni yeye mwenyewe.

Siku ya Saba Saba, uwanja ukiwa umejaa ngoma na vumbi, Mzee Masolwa alifika na fimbo yake. Zeyana alimwamkia akipiga magoti.

"Marahaba, mjukuu. Wewe ndiye binti wa Nabhan? Babu zenu Waarabu walikuwa na mizigo, babu zetu Wanyamwezi walikuwa na mabega!" Watu wakacheka, Mzee Nabhan akiwazidi wote.

Kisha mzee akaliona boksi mezani. Kicheko kikamwisha. Alilisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya zile nyayo, moja baada ya moja. Na hapo, mbele ya watu wote, Mzee Masolwa aligeuka akatazama nyuma yake.

Palikuwa na Lugembe tu, akitabasamu na machozi yakimtoka. Mzee akamvuta ubavuni, akamkumbatia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ilikuwa hivi hivi."

Mzee Nabhan akaweka mkono begani kwa binti yake. "Mwanangu, picha ya juu ya boksi ni kama mdomo wa debe. Ukiwaonyesha watu kisichokuwamo, watakuja mara moja, na hawatarudi. Onyesha kilichomo, tena kwa ustadi wako wote, halafu waache wazamishe ubua mpaka chini."

Nyuma yao watoto walikuwa wamekwisha lizunguka boksi, na mezani mlio ukaanza polepole: ko, ko, ko.