Ripoti Juu ya Cherehani

Babu yangu alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, chenye dirisha moja pana. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, moyo wangu unarudi pale. Kila asubuhi alifuta vumbi, akaning'iniza tepu ya kupimia shingoni, kisha akanitania: "Bibi mdogo, wateja wakiuliza mkubwa wa hapa ni nani, niwaambie nani?"

"Mimi!"

Mama alifanya kazi mbali, kwa hiyo mimi na babu tuliishi wawili tu. Nilikuwa na miaka minane.

Siku moja nilileta ripoti ya muhula. Ilikuwa ya mtindo mpya. Haikuwa na jumla ya alama, wala nafasi darasani. Iliorodhesha mambo tuliyofundishwa, na mbele ya kila jambo kulikuwa na namba: moja, mbili, tatu au nne. Babu alivaa miwani.

"Kusoma kwa sauti, nne. Wa nne! Si mbaya, ila watatu wamekupita. Kujumlisha, mbili. Wa pili, safi. Kupima urefu..." Alisimama. "Moja! Mjukuu wangu wa kwanza kwa kupima! Hiyo ndiyo damu ya fundi!"

Nilijua amekosea. Mwalimu alikuwa ametueleza maana ya namba zile. Lakini babu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikashindwa kufungua mdomo. Akabandika ripoti ukutani, juu ya cherehani. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa, atake asitake.

Tangu hapo, kila jioni alinisomesha kwa sauti ukurasa uleule wa kitabu cha shule, "mpaka hiyo nne iwe moja". Nilikuwa nimeshaukariri wote. Kupima hakunifundisha hata mara moja.

"Huko umeshafika," alisema.

Kumbe shuleni mambo yalizidi kuwa magumu. Wenzangu walipima meza, milango, hata uwanja. Mimi niliinamisha kichwa nisiulizwe. Niliona aibu, na niliogopa kwamba nikizidi kubaki nyuma sitawafikia tena.

Siku moja babu alikuwa na kazi nyingi. Akanipa kitambaa cha sketi.

"Bibi mdogo, pima ishirini na nne, weka chaki, kata. Wewe si ndiye bingwa?"

Tepu ina pande mbili, upande wa inchi na upande wa sentimita. Mafundi wa kwetu walipima kwa inchi. Mimi nilihesabu sentimita. Nikaweka chaki, nikakata.

Mwenye sketi aliingia wakati babu anakunjua kitambaa. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa; kitambaa alikuwa amekituma kwa mtu.

"Fundi," alisema, "hii ni sketi yangu au ya mdoli?"

Babu alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, kisha akageukia ukuta.

"Lakini mwalimu, umeandika mwenyewe! Wa kwanza kwa kupima!"

Mwalimu alisoma ripoti ile. Nilidhani atacheka. Badala yake alivuta kigoda akakaa karibu na babu.

"Fundi, namba hizi si nafasi darasani. Hazimlinganishi na wenzake. Zinaonyesha amefika wapi katika kila jambo ambalo mtoto wa darasa lake anapaswa kulijua. Moja maana yake bado hajaelewa, anahitaji msaada. Mbili, ameanza kuelewa. Tatu, amefika kiwango cha darasa lake. Nne, amekivuka."

"Kwa hiyo kusoma..."

"Kusoma anasoma vizuri mno. Kupima ndiko anakohitaji kushikwa mkono. Na moja si kushindwa. Inatuambia tu tuanzie wapi."

Babu alinigeukia. "Ulijua?"

Nilianza kulia. "Ulikuwa umefurahi, babu."

Alinifuta machozi. Kisha akafungua droo ya cherehani, akasogeza bobini za uzi, akatoa karatasi iliyogeuka rangi. Ilikuwa ripoti yake ya utotoni. Mwalimu aliisoma: *wa thelathini na tisa kati ya arobaini*.

"Nusura nishike mkia," babu alisema. "Baba yangu aliniuliza nimeshindwa nini. Sikujua. Karatasi haikusema. Nikaacha shule."

"Ilikuonyesha nafasi yako kwenye foleni tu," mwalimu alisema kwa upole. "Ndiyo maana tumebadilisha. Ukipokea ripoti, fundi, tuulize mambo matatu. Mtoto anaweza nini? Bado hajaweza nini? Nyumbani nimsaidieje?"

"Basi nakuuliza hilo la tatu."

Mwalimu akacheka. "Mwalimu wa kupima ni wewe, na tepu iko shingoni mwako!"

Sketi babu aliishona upya kwa kitambaa kingine. Na kuanzia jioni ile tulipima. Tulipima dirisha, kigoda, mkeka, hata masikio ya babu. Alinionyesha kuanzia mwanzo kabisa wa tepu, na kuangalia upande kabla ya kuhesabu. Nikikosea, alisema, "Rudia, hatukimbizani na mtu." Jioni zile ninazikumbuka kuliko zote.

Muhula uliofuata, mbele ya kupima urefu paliandikwa tatu. Babu aliisoma mara mbili.

"Tatu! Amefika!" Safari hii hakukosea.

Siku hiyo nilichukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nikamtengenezea babu ripoti yake. Niliandika: *Kushona, nne. Kupima, nne. Kumfundisha mjukuu, nne. Kusoma ripoti za shule, mbili, anaendelea vizuri.* Alicheka, akaikunja taratibu, akaitia kwenye droo.

Miaka mingi imepita, na babu hayupo tena. Cherehani yake iko nyumbani kwangu. Nilipoipokea nilifungua droo, nikasogeza bobini, nikitarajia kukuta karatasi mbili, ripoti yake ya utotoni na ile yangu. Niliikuta moja tu, ile niliyomwandikia mimi.