Herufi Tatu za Guku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Limi alipanda kirikuu, kigari cha mizigo cha baba yake, kutoka Kambarage hadi sokoni. Huko baba yake, Mihayo, aliteremsha magunia ya mchele wa Tinde, naye Limi alimalizia safari kwa miguu. Alikuwa darasa la sita, na hakuna aliyemshinda kwa Kiswahili, jambo alilopenda kulitaja hata bila kuulizwa.

Barabara ile ya sokoni ilimkumbusha marehemu babu yake, ambaye nyumbani walimwita Guku. Guku alikuwa mchoraji wa maandishi ya barabarani. Limi alipokuwa mdogo, alishika kopo la rangi nyeupe huku mzee amepiga magoti kwenye lami, akiimba Kisukuma na kuchora herufi kubwa kuliko mjukuu wake. S zake zilikuwa na mkia mrefu usio na sababu.

"Hiyo ndiyo saini yangu," alikuwa akisema.

Ah, siku zile! Harufu ya rangi iliwaganda nguoni mpaka Jumapili, na kanisani watu waliwageukia. Limi angetoa chochote aisikie tena.

Jumatatu moja Mihayo alipata nafasi mbele ya duka la nafaka. Barabarani palisomeka: EGESHE HAPA. Akaegesha. Aliporudi, alimkuta Martina, mkaguzi wa maegesho, akibandika karatasi ya faini kwenye kioo.

"Hapa haparuhusiwi, baba," alisema Martina.

"Haparuhusiwi vipi, na barabara yenyewe imeniambia niegeshe?"

"Basi andika malalamiko. Usipolipa wala kufutiwa ndani ya siku saba, gari litazuiliwa."

Kirikuu kile ndicho kilicholisha nyumba nzima. Jioni hiyo Mihayo aliandika barua, kisha akaisoma kwa sauti: "Mahali hapo hapajawahi kuandikwa katazo lolote."

Limi alikohoa. Akakohoa tena.

"Una nini?"

"Baba, lile neno la barabarani lina kasoro. Kama paliruhusiwa, pangeandikwa EGESHA. Ile E ya mwisho ni ya kukataza. Liliandikwa USIEGESHE. Walipofukia bomba la maji, lami mpya ikafunika USI. Najua, kwa sababu aliyeandika ni Guku, na kopo nililishika mimi."

Mihayo aliikunja barua. "Hilo libaki humu ndani," alisema. "Ukilisema kule ofisini, umenimaliza."

Ugali ulimshinda Limi. Alimpenda baba yake, tena sana. Lakini kusema hapajawahi kuandikwa kitu kulikuwa kama kumfuta Guku.

Ijumaa, baada ya masomo, Mihayo alimpitia Limi shuleni wakaenda pamoja ofisi ya maegesho. Afisa aliyewapokea aliitwa Bwana Donatus.

"Shikamoo," alisema Limi.

"Marahaba, binti. Kaeni." Akaisoma barua polepole. "Baba Limi, una hakika hapajawahi kuandikwa katazo?"

Mihayo aliizungusha kofia mikononi. Bwana Donatus akamgeukia Limi. "Na wewe msomi, unasemaje?"

Limi alimtazama baba yake. "Nisamehe, baba," alinong'ona. Kisha akaeleza yote: kopo, bomba, lami, na ile E ya mwisho.

Bwana Donatus alitoa faili kabatini akalifungua. "Twendeni tukaone," alisema.

Mbele ya duka la nafaka, Limi alimwaga maji ya chupa yake ukingoni mwa kiraka cha lami, akafuta vumbi kwa kiganja. Ukajitokeza mkia mweupe wa S iliyofunikwa, mrefu, usio na sababu. Limi alilia papo hapo. Mihayo alichuchumaa akaugusa.

"Mkia wa mzee," alisema.

"Faini nimeifuta," alisema Bwana Donatus. "Dereva hawezi kutii maandishi yaliyofunikwa. Lakini sikia, Baba Limi. Faili langu linaonyesha katazo liliandikwa. Ungeshikilia barua yako, ningekuona mwongo na nisingetoka ofisini. Haki ulikuwa nayo tangu mwanzo, uongo ndio ulioifunika. Mwanao ameifunua."

Wiki iliyofuata alikuja mchoraji kuandika upya herufi tatu. Limi aliomba kushika kopo, na aliomba pia S iwe na mkia. Mchoraji alicheka, lakini mkia akauweka.

Kesho yake Mihayo aliegesha mbali, akabeba magunia mgongoni bila kulalamika. Alipomaliza alijifuta jasho.

"Mwanangu, niliogopa kwamba ukweli ungenimaliza, kumbe ndio ulionitetea," alisema. "Siku nyingine nikikuambia uufiche, wewe kohoa."

"Mara moja au mbili, baba?"

"Mpaka nisikie."

Limi alinusa nguo yake, akatabasamu, akaenda shule akinukia rangi.