Usilegeze Mkono

Mlango wa Jumba la Sanaa ni mpana wa kupitisha gari, lakini siku za wanafunzi hufunguliwa upande mmoja tu. Ndivyo wanavyokaribishwa watu wa bure: ingieni, ila mbanane.

Alasiri ile wanafunzi wa vyuo walikuwa wamealikwa kwenye maongezi na mwongozaji, wiki chache kabla ya mchezo mpya kuonyeshwa. Katika msukumano, binti wa mwaka wa pili wa sheria, aliyebatizwa Wakili na darasa zima kwa sababu haachi neno lipite, alijikuta amebanwa kati ya nguzo na kijana mrefu kupita kiasi. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, kazi ya mikono ya mama yake. Kijana alivaa sweta iliyochoka viwikoni.

"Kaka, unanikanyaga."

"Samahani, dada. Miguu yangu hufika kabla yangu."

"Basi iambie ikusubiri."

Kijana alicheka hadi watu wakageuka. "Mimi ni Ngongoti. Jina la nyumbani nishalisahau."

"Kwa urefu huo, nani angelikumbuka?"

Walikaa pamoja. Mwongozaji, shingoni skafu ya hariri, alieleza kwamba mchezo unahusu soko lililovunjwa zamani, na fundi cherehani mmoja aliyekataa kuondoka. Wakili akainua mkono.

"Na waliotia saini amri ya kuvunja, wamo kwenye mchezo?"

"Tumejikita zaidi kwenye hisia," mwongozaji alijibu, akachukua swali la mwingine.

"Umemchoma," Ngongoti alinong'ona.

"Bado."

Kuanzia hapo simu ya Wakili haikutulia.

"Umekula, laazizi?"

"Nasoma mikataba."

"Soma na wangu. Una kifungu kimoja tu: usiniache."

"Mkataba mbovu huo. Hauna njia ya kutokea."

"Ndiyo maana yake, mama."

Ngongoti alimwambia kwamba yumo kwenye mchezo, ila anapitapita tu nyuma. Wakili hakudadisi. Jioni moja, kwenye benchi nje ya jumba, akamfungulia moyo. Mama yake alikuwa na cherehani sokoni, soko kama lile la mchezo. Siku walipokuja kulivunja aliikumbatia mashine yake kwa mikono miwili, askari wa jiji akampiga rungu juu ya vidole. Viwili havijakunjika tena tangu siku hiyo. Wakili alikuwa chini ya meza, mdogo, akitazama viatu.

Ngongoti alivuta uzi wa sweta yake, akauvuta tena.

"Mbona kimya?"

"Nakusikiliza, mpenzi."



Yakafika mazoezi ya mavazi, pale mchezo unapochezwa mzima, maleba mwilini na taa kama siku yenyewe. Wanafunzi walijaa. Soko likawaka jukwaani, vitambaa vikining'inia, fundi akikanyaga cherehani yake. Kisha akaingia askari: kaki iliyopigwa pasi, buti nyeusi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Ngongoti.

Si rungu lililomuumiza Wakili. Ni vile alivyolifuta kwanza kwenye paja la suruali, taratibu, kama mtu anayefuta kijiko. Ni sauti aliyotumia, ya chini, yenye adabu.

"Mama, achia."

Akapiga.

Wakili alisimama. Akatoka akikanyaga miguu ya watu.

Simu ililia mara mbili akaiacha. Ya tatu akapokea.

"Nani alikufundisha kulifuta vile?"

Ngongoti alipumua. "Baba."

"Baba yako alikuwa askari wa jiji?"

"Alikuwa. Akirudi nyumbani alituonyesha siku ilivyokwenda. Anavyosema, anavyofuta. Tulikuwa watoto. Tulicheka."

"Mlicheka. Na pale benchini ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Walikuwa askari wengi, sijui kama ni yeye. Niliogopa kukukosa."

"Basi umenikosa."

Akakata.

Mazoezi ya pili ya mavazi, yale ya mwisho, wenzake darasani walidhani Wakili hatakwenda. Alikwenda. Hangekubali kufukuzwa sokoni mara ya pili. Alikaa mstari wa mbele, gauni lilelile la buluu, mikono imefungwa kifuani.

Askari akaingia. Akasema, "Mama, achia," na rungu likashuka, likaishia hewani. Akalitupa. Akapiga magoti, akampangusa fundi machozi kwa kofia yake, huku macho yake yakimtafuta Wakili. Ukumbi ukalia. Wanafunzi wakasimama wakapiga makofi, na mwongozaji akaja mbio akisugua viganja.

"Hivyo hivyo kesho! Ubinadamu! Wadhamini wetu watafurahi."

Wangefurahi, kwa nini wasifurahi? Soko zima lilikuwa limevunjwa ili askari apate nafasi ya kuonyesha moyo wake mzuri. Waliotia saini hawamo, aliyepiga hakupiga, na fundi amebaki na deni la kushukuru.

Wakili alimkuta nyuma ya jukwaa, kati ya kuta za mbao zilizopakwa rangi ya soko. Uso wa Ngongoti ulikuwa umejaa matumaini.

"Umeona? Nimefanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Umemwokoa baba yako."

"Nilitaka ujue mimi si yeye."

"Hilo nalijua, na ndilo linalonitesa. Sasa nisikilize. Kesho mama yangu anakuja, nilimwalika kabla sijajua lolote. Akae pale, aone askari anampangusa machozi? Nani alimpangusa yeye? Watu watoke wakisema, kumbe askari nao walilia. Halafu vidole vyake aende kumweleza nani?"

"Mwongozaji ameipenda hivi. Nikimgeuka ataninyima jukwaa."

"Atakunyima."

"Na wewe?"

Wakili alitazama buti zake nyeusi, akalazimisha macho yapande hadi usoni. "Mimi sikuahidi kitu. Ila kama uliwahi kunipenda, kesho usilegeze mkono."

Siku ya pili mlango ulifunguliwa pande zote mbili. Mama alivaa gauni la kijani, akakaa wima kama yuko ofisini kwa mtu. Mstari wa mbele walikaa wadhamini, suti nyeusi na manukato makali.

Askari aliingia. Akalifuta rungu kwenye paja.

"Mama, achia."

Akapiga. Mara moja, bila hasira, kama mtu aliye kazini. Hakuna aliyepiga makofi. Mstari wa mbele mtu alikohoa, akakohoa tena. Mama alikamata kiwiko cha binti yake gizani.

"Huyu kijana amefundishwa na mtu aliyekuwepo."

"Baba yake, mama."

"Wewe umejuaje?"

"Ndiye anayenipigia simu."

Taa zilipowaka, mama alikuwa wa kwanza kusimama.

Nje, Ngongoti aliwakuta ngazini, angali na kaki yake. Mwongozaji alikuwa amempita kama anapita nguzo, baada ya kumwambia kwamba kesho kaki hiyo itavaliwa na mwingine. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama. Alizitazama buti, akamtazama tena. Watu walishuka ngazi, wakapungua.

"Marahaba," mama alisema mwishowe, kavu. "Baba yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Anasikia?"

"Vizuri."

"Basi nikwambie. Siku ukitaka kuja kwangu kumposa huyu, usiniletee mjomba wala jirani. Njoo na baba yako. Akae kwenye kiti changu, tutazamane."

"Hataki kuizungumzia kazi ile, mama. Hata sisi siku hizi hatuambii."

"Mimi nimeizungumzia miaka yote peke yangu. Sasa ni zamu yake."

Ngongoti aliibana kofia kwapani. Kisha akatoa simu mfukoni, akapiga.

"Baba, shikamoo... Mzima, baba. Mchezo umekwisha. Sikiliza, niko hapa na mama mmoja. Alikuwa fundi cherehani. Sokoni..."

Wakili alisogea, akaishika mikono ile ya kaki, wa kwanza kisha wa pili, hakuiachia.

Mama akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Nitamsalimia mwenyewe."