Zamu ya Kisimani

Pamba iliyofika maabara ikiwa kavu ilikuwa imelowa. Mpimaji wa vinasaba alikiinua kichupa namba sitini na mbili, akakitikisa, na maji yakacheza ndani. Yalinuka tope la kisimani. Akajiambia ni jokofu tu, maana anayetaka kujidanganya hakosi sababu.

Kwenye kazi yao sampuli huja na namba tu, bila jina la mtu wala mahali, ili mpimaji asipendelee. Alichojua ni kwamba pamba ile ilifuta tone la damu, na polisi walitaka kujua ni la nani. Vinasaba vya mtu havibadiliki, lakini umri huacha alama ndogo ndogo juu yavyo, na mashine yao mpya ilizisoma alama hizo na kutaja miaka ya mwenye damu. Ikasema: saba. Kisha kompyuta ikailinganisha damu ile na orodha ya vinasaba vya wafanyakazi, ambayo huwekwa ili aliyechafua sampuli ajulikane. Ikamtaja yeye.

"Umepumua juu yake," mkuu wa maabara alisema bila kuinua macho.

"Nina miaka thelathini na minane, bosi."

"Hiyo ya mwili. Ya akili hatujapima." Akacheka, kisha akaacha. "Rudia. Na usiingize mate yako kujaribia mashine, nawajua nyinyi. Ukishachanganya chako humo, hutajua tena kipi ni chako."

Mkuu alipotoka tu, mpimaji akaingiza mate yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Alitaka kuona kama mashine imeharibika, akaviweka vichupa viwili ubavu kwa ubavu. Mate yalisema thelathini na minane. Damu ilisema kumi na tisa.

Saa saba mchana akarudia. Damu: thelathini. Hakuna bomba lililofunguliwa, lakini matone yalisikika kwenye sinki, na sinki lilikuwa kavu. Aliogopa sasa, na hakuona haya. Akampigia mama yake kwa sauti ya kunong'ona.

"Mama, kile kisima cha nyumbani bado kimezibwa?"

"Mfuniko ulipasuka juzi. Polisi wakachukua damu iliyokuwa juu yake. Wanasema umepasuliwa kutoka ndani. Sikutaka kukushtua."

Mpimaji alikuwa na pacha, wamefanana hadi vinasaba, hata mama yao aliwatofautisha kwa sauti tu. Wakiwa na miaka saba pacha alikwenda kuteka maji, akatumbukia. Hakupatikana, na kisima kikazibwa.

"Mama, siku ile ilikuwa zamu yangu. Sikuwa mgonjwa."

"Najua, mwanangu," mama akasema. "Naye alijua."

Akaiweka simu mezani bila kuikata, kwa sababu mashine ilikuwa imelia, na kwenye kioo chake damu ilikuwa na miaka thelathini na minane na mate yake yalikuwa na miaka saba, na alipotaka kuichomoa waya aliona glavu zimemning'inia vidoleni, koti lake jeupe limeburuza sakafuni, meza imefika kidevuni, harufu ya tope imejaa puani, na maji ya baridi yakimpanda kiunoni, kifuani, shingoni, huku akimwita bosi aliyesimama mlangoni, na bosi akitazama juu ya kichwa chake, akimsemesha mtu aliyekuwa nyuma yake.

"Dada, mbona umelowa hivyo? Mvua ya wapi hiyo?"

Mkono uliolowa ukaichukua simu.

"Mama," sauti ikasema, "nimemaliza zamu. Nakuja nyumbani."

Mama, aliyewatofautisha kwa sauti tu, aliitambua sauti ile.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Nimekungoja sana."