Fumba Macho, Inua Mkono

Ijumaa hiyo Kelebogile Motsumi alitoka kazini saa kumi na moja jioni, akampitia dada yake Gaone sokoni, wakaenda kununua bastola.

Klabu ya kulenga shabaha ilikuwa imempa mwezi mmoja awe na silaha yake mwenyewe. Cheti cha mafunzo alikuwa nacho. Mikono thabiti alikuwa nayo pia. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amepima vumbi la dhahabu kwenye maabara ya mgodi, na mbele ya mizani ile hata pumzi ilikuwa kosa.

"Mtu aliyekuwa akimkimbia jogoo," Gaone alisema walipofika mlangoni. "Leo anataka bunduki."

"Jogoo yule alikuwa na kichaa, dada."

"Alikuwa kifaranga, Lebo. Nilikuwepo."

Gaone alimzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akauza mboga ili mdogo wake asome. Hawakuwahi kulizungumza. Hadi leo waliishi nyumba moja, wakigombania chumvi na televisheni.

Duka lilikuwa karibu kufungwa. Mwenye duka alikuwa mzungu mzee ambaye mji mzima wa Klerksdorp, weupe kwa weusi, ulimwita Oom Sarel kana kwamba ni mjomba wa kila mtu. Alitandika kitambaa juu ya meza, akapanga bastola tatu, akafungua kila moja kumwonyesha kwamba haina kitu.

"Usiniulize mimi ipi ni nzuri, mwanangu. Uulize mkono wako. Unaliona lile doa jeupe ukutani? Litazame. Fumba macho, inua mkono, lenga pale unapodhani lipo. Halafu fumbua. Inayokufaa itakuwa imeelekea kwenye doa."

Ya kwanza ilielekea darini. Ya pili ilielekea sakafuni.

"Hiyo ni ya kuwindia mchwa," Gaone alisema. Alikuwa amejisogeza pembeni, kwenye chupa ya chai ya Oom Sarel.

"Dada, umekaribishwa hiyo chai?"

"Nimejikaribisha."

Ya tatu, ile ya risasi ndogo, ilikosa doa kwa kidole kimoja tu. Oom Sarel alisema hiyo ndiyo ya kuanzia. Haimtupi mtu mkono, na risasi zake si za kusumbukia. Kelebogile angeichukua. Lakini kwenye rafu ya chini kulikuwa na rivolva, ya zamani, mpini wake wa mbao umelainishwa na kiganja cha mtu.

"Na ile?"

Oom Sarel alisita. "Hiyo ni ya marehemu mmoja."

"Nijaribu tu."

Aliifungua akamwonyesha vitundu sita vitupu. Kelebogile akaishika. Ilimkaa mkononi kama kitu alichokuwa amekisahau mahali, sasa kimerudi.

Akalitazama doa. Akafumba macho. Akainua mkono, akafumbua.

Mbele ya mtutu alikuwa Gaone, kikombe mdomoni.

"Mwanangu!" Oom Sarel alifoka. "Nimesema doa. Haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu."

"Samahani. Sijui imekuwaje..."

"Hizo ni hasira za chumvi," Gaone alisema, akicheka. Akahamia upande wa mlango, mbali na ukuta ule.

Kelebogile alisimama sawasawa. Alipanga miguu. Akafumba macho, akainua, akafumbua.

Mlango. Gaone.

Sasa hakuna aliyecheka.

Oom Sarel alimwambia Gaone, kwa sauti ya chini, aende ghala la nyuma, afunge mlango, akae popote apendapo. Akaenda. Wakasikia komeo. Kelebogile alilikodolea doa macho hadi yakatokwa na machozi. Akayafumba.

Alihisi kiuno chake kikigeuka. Alijaribu kukizuia. Hakikuzuilika.

Alipofumbua, doa lilikuwa mgongoni kwake. Mtutu ulielekea mlango wa ghala, chini kidogo, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi.

"Umekaa, dada?" aliuliza.

"Nimekalia boksi," Gaone alijibu nyuma ya mbao. "Mbona?"

Tk.

Kile kiduara chenye vitundu sita kilisogea hatua moja. Kidole cha Kelebogile hakikuwa kwenye kifyatulio. Dukani kukanuka nywele zilizoungua.

Oom Sarel aliikamata bastola kwa mikono miwili, akaitia kwenye sefu, akafunga. Gaone alipotoka ghalani akatangulia nje, Kelebogile alibaki mlangoni.

"Niambie, Oom."

Mzee alinong'ona. "Marehemu mwenyewe alikuwa bingwa wa shabaha miaka mitatu. Hakosi. Alipokufa, mkewe ndiye aliyeileta. Alinieleza kwamba mumewe alikwenda kwa mganga kuomba mkono usiokosa. Mganga akamwuliza, usimkose nani? Akatakiwa ataje mtu mmoja. Anayempenda kuliko wote."

"Akataja?"

"Mdogo wake. Mdogo huyo alikufa wakati bastola inasafishwa. Mke ameapa haikuwa na risasi."

"Na wewe ukaiweka rafuni!"

"Miaka thelathini nauza silaha za marehemu. Kila moja inakuja na hadithi. Ningezisadiki zote ningefunga duka."

"Mimi sijataja mtu."

Oom Sarel alitazama dirishani, alikosimama Gaone akijifunga kitambaa kichwani.

"Pengine siku hizi haiulizi," alisema.

Hawakununua chochote.

Jioni ya kesho yake Kelebogile alikuwa akinawa uso. Sabuni ikamwingia, akafumba macho. Mkono wa kulia ukainuka wenyewe, mtupu, ukaelekea ukutani. Nyuma ya ukuta Gaone alikuwa akiimba.

Alijaribu kila kitu. Alilala akiwa amefunga mkono kitandani kwa mtandio. Akaamka mtandio uko sakafuni, mkono uko juu. Mchungaji aliuombea. Mganga wa mtaa wa Jouberton aliutazama tu, akakataa kuugusa.

Akabaki na wazo moja. Kama mkono unamfuata anayempenda, basi asimpende.

Alianza kwa kununa. Gaone akadhani ni kazi. Kelebogile akaanza kukitupa chakula alichopikiwa, dada yake akiona. Gaone akapika kingine. Mwisho, Jumapili moja, Kelebogile akaligusa lile wasilowahi kulizungumza.

"Sikukuomba unilee. Ulikosa akili za shule, ukanitumia mimi kama kisingizio."

Gaone alikunja nguo zake polepole, moja moja. Kesho yake alipanda basi kwenda kwa binamu yao Kuruman, mwendo wa saa nne upande wa magharibi.

Usiku huo Kelebogile alilia, kisha akafumba macho.

Mkono ukaelekea magharibi.

Miezi minne ikapita. Oom Sarel akapiga simu. Mirathi ya yule marehemu ilikuwa imefungwa, rivolva imepelekwa ikayeyushwa, ameiona kwa macho yake ikiwa uji wa chuma. Kelebogile alimshukuru. Akaweka simu chini, akafumba macho.

Magharibi.

Jumanne iliyopita, jua likizama, alikuwa jikoni. Alichoka, akafumba macho kidogo. Mkono ukainuka. Alikwishazoea. Alingoja ushuke.

Kidole cha shahada kikaanza kujikunja.

Kilijikunja taratibu, bila pupa, vile wanavyofundishwa klabuni. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Akakivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Kilimshinda.

Tk.

Mkononi hakukuwa na kitu. Lakini alisikia.

Simu mezani ikaita. Gaone. Kwa miezi minne hakuwahi kupiga. Kelebogile alitaka kuipokea, ila mkono uliokuwa huru ndio uliokishika kidole, na kidole kilikuwa kimeanza tena.

"Dada, toka hapo," aliiambia simu iliyokuwa ikiita. "Toka hapo ulipo. Toka..."

Simu ikanyamaza.

Tk.

Ikaita tena. Safari hii ilikuwa namba ya Kuruman asiyoijua.

Mkono wake ukashuka.