Shimo la Kizibo cha Soda

Kila jioni, akishaosha vyombo na kufua sare yake, Sumaku alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Sumaku si jina alilopewa na wazazi. Wenzake wa darasa la sita walimbandika baada ya kumwona akizunguka na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na majina ya shuleni mnayajua, yakishaganda hayabanduki.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu: fimbo ndefu, sahani bapa chini yake, na spika za masikioni zilizofungwa kwa utepe. Mjomba aliikuta kwenye vyuma chakavu, akaitengeneza, akampa mpwa wake pamoja na koleo dogo. Akamfundisha kuipitisha polepole karibu na ardhi huku ametega sikio. Mlio mzito mara nyingi ni msumari. Mlio mwembamba huenda ukawa sarafu ya zamani. Ila asijione mjanja, maana hata kizibo cha soda kinajua kulia kama sarafu. Kisha akampa masharti mawili: aombe ruhusa kabla ya kuchimba, na afukie shimo kabla ya kuinuka.

Ruhusa aliiomba kwa Mzee Nyasi, mtunza uwanja wa shule. Mzee alimruhusu achimbe pembezoni, karibu na uzio, basi. Njia ya kukimbilia asiiguse.

Kwa wiki mbili Sumaku aliokota misumari, bawaba na kijiko kilichopinda, akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Lakini Alhamisi moja, akikatiza uwanja kurudi nyumbani, mashine ikalia katikati ya njia ya kukimbilia. Mlio mwembamba, safi kabisa. Alitazama huku na huku, hakuona mtu. Akakata nyasi kwa mduara kama kifuniko cha sufuria, akakiweka kando, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Akatoa kizibo cha soda.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na hasira zilimpanda. Udongo alioutoa aliupiga teke ukatawanyika. Kile kifuniko cha nyasi alikirudisha juu ya shimo tupu, kikakaa vizuri kingoni. Ukiangalia kwa juu usingejua kitu. Akajiambia atalifukia kesho. Kesho, jamani! Kesho imeponza wengi.

Asubuhi ya Ijumaa, Swala alikuwa akifanya mazoezi. Huyu alikuwa rafiki wa Sumaku wa dawati moja, na hakuna aliyemfikia kwa mbio shule nzima. Yalibaki majuma mawili tu aende kwenye mashindano ya shule zote. Alikuja kasi, akafika katikati ya njia, mguu ukazama. Sumaku ndiyo kwanza alikuwa anaingia uwanjani, akausikia mfupa ukivunjika.

Swala alipelekwa hospitali, na Mzee Nyasi akaitwa ofisini. Aliapa kwamba Jumatano aliupita uwanja wote kwa miguu na hapakuwa na shimo. Hakumdhania Sumaku, kwani kwa wiki mbili hakumwona akiigusa njia ya kukimbilia. Nani angemsikiliza? Walimu wakanong'ona kwamba macho ya mzee yamechoka. Ikatangazwa kwamba Jumatatu kamati ya shule itakaa, na kila mtu alijua ataachishwa kazi. Sumaku alisikia yote hayo akanyamaza. Aliogopa, na aliona haya.

Jumamosi darasa lilikwenda kumwona Swala. Mguu ulikuwa umefungwa plasta mpaka pajani.

"Yule mzee ameniharibia," Swala alisema, machozi yakimtoka. "Wamfukuze tu. Simsamehe."

Sumaku alirudi nyumbani. Jumapili jioni alikwenda karakana akamwambia mjomba kila kitu, neno moja moja. Mjomba alivua miwani yake ya kuchomelea. Hakumpiga wala hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Kesho asubuhi tutakwenda wote," alisema. "Lakini utakayesema ni wewe."

Walimkuta Mzee Nyasi kwenye benchi nje ya ofisi, funguo za stoo mkononi, tayari kuzikabidhi. Sumaku alimwamkia. Akaingia ndani, akaweka kizibo cha soda juu ya meza ya mwalimu mkuu, akaeleza. Mwalimu mkuu akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, akamwomba mzee radhi na kumwambia abaki na funguo zake. Sumaku alinyang'anywa mashine kwa muhula mzima, na kila jioni akawa msaidizi wa Mzee Nyasi.

Kumwambia Swala ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Mashindano yalikwenda bila yeye.

Wiki ya kumi tangu avunjike mguu, Swala alikuja uwanjani kwa magongo. Sumaku na mzee walikuwa wakishindilia udongo.

"Lilikuwa wapi?" Swala aliuliza.

Sumaku alimwonyesha. Nyasi zilikuwa zimeshashikana. Swala akasimika gongo palepale, akaliegemea kwa uzito wake wote. Ardhi haikubonyea. Hakusema kama amesamehe au la, ila aliketi chini kuwatazama wakifanya kazi, na hakuondoka.

Mzee Nyasi akajipangusa jasho. "Mwanangu, Alhamisi ulichimba shimo moja," alimwambia Sumaku. "Ijumaa mpaka Jumapili ulinyamaza, ukaendelea kuchimba, na mimi ndiye niliyekuwa ndani yake. Kazi ukiiacha nusu, kuna mtu itamsubiri, na mara nyingi si wewe. Imalize siku hiyohiyo. Na ukishindwa kuimaliza, sema siku hiyohiyo."

"Nimesikia, babu," Sumaku alisema.

"Haya, kanyaga tena hapo. Kwa kisigino."

Sumaku akakanyaga.