Saruji Kwenye Tanuri la Hidaya

Mwaka 2010, katika soko la Gitega, Hidaya alimkuta mwanamume amechuchumaa mbele ya matofali aliyokuwa amekuja kuyachukua yeye. Yalikuwa mia na ushee, mazito, rangi ya chai ya maziwa, yametoka kwenye kiwanda kilichobomolewa. Matata, muuza vyuma chakavu aliyekuwa akiyauza, hakujua hata ni ya nini. Hidaya alijua. Babu yake alioka mikate ndani ya matofali kama hayo, yasiyoogopa moto, naye alitaka tanuri lake la kuni uani kwake Nyamugari.

"Haya iko yangu," alisema. Alivaa kitenge cha kijani na kilemba cha njano, na alinukia iliki.

"Umeshayachukua?" aliuliza yule mtu bila kuinuka.

"Mi niliyaona jana."

"Kuona tu, bibie. Unajua kuyajenga?"

Hidaya hakujua.

"Basi matofali yawe yako, kazi iwe yangu. Naitwa Radjabu."

"We unatoka wapi? Unasema kama redio."

"Butihinda, kule Muyinga. Ila nimekulia kambini Tanzania. Huko ndiko nilikojifunza matanuri."

"Bon, sawa. Njoo kesho, redio."

Alikuja siku tisa mfululizo. Alikanda udongo wa kichuguu na mchanga, akalowesha kila tofali kabla ya kulipanga. Hidaya alivuta kigoda akakaa karibu, eti anachambua mchele. Siku ya tano alianza kumwekea chapati ya kwanza, na Nyamugari nzima ikajua.

"Usitie saruji hata kijiko," Radjabu alimwambia. "Saruji ni ya nyumba. Kwenye moto inaruka. Na siku saba za mwanzo, moto mdogo tu."

"Na mkate wa kwanza nimupe nani, fundi?"

"Nipe mimi. Nani mwingine anakusikiliza siku nzima?"

Siku ya tisa tanuri likaisha, kisha simu ikaja kutoka Butihinda kwamba mama yake Radjabu anaumwa, akaondoka.

Hapo akaja Athumani, kaka yake Hidaya, fundi wa nyumba, mtu anayejisikia sana. Alilizunguka tanuri mara moja tu. "Udongo? Watu watasema tumejenga kichuguu." Akalipiga lipu ya saruji ndani na nje. Hidaya angeweza kumzuia. Hakumzuia, kwa sababu naye alionea aibu udongo, na tuseme ukweli, hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Siku ya moto mkubwa saruji ilipasuka kwa kishindo, mikate sitini ikajaa changarawe. Hidaya akampigia Radjabu simu.

"Tanuri lako limepasuka."

"Ulitia nini?"

"Mi sikutia kitu."

"Basi kosa ni langu, Hidaya. Nisamehe."

Uongo huo ndio kosa la pili, na ndilo kubwa. Mtaani walisema fundi wa kambini ni bure kabisa, naye Hidaya alisikia akaendelea kuosha sufuria. Miezi mitatu hakuna aliyempigia mwenzake. Alimpenda, na kila akipita uani alijiona mwongo.

Ndipo Kadidja, mchuuzi wa maharage, akarudi kutoka Muyinga. "Yule fundi wako ameacha kazi. Wamemuomba tanuri huko kwao, amekataa. Anasema mikono yake haiaminiki. Sasa analima mihogo."

Hidaya hakula siku hiyo. Kesho yake alikwenda sokoni, akasema alichokuwa nacho cha kusema. Keshokutwa akapanda gari la Muyinga, kisha pikipiki hadi Butihinda. Alimkuta shambani, suruali imekunjwa magotini, amekonda. Akafungua kitambaa cha kitenge alichokishika mkononi, akampa kipande kigumu cha kijivu.

Radjabu alikigonga kwa ukucha. "Hii ni saruji."

"Ni saruji. Athumani alipaka, mi nikamuacha. Kwa simu nikakudanganya."

"Miezi mitatu sijagusa mwiko, Hidaya. Kila siku nalijenga lile tanuri kichwani, natafuta nilipokosea."

"Najua. Nimekukosea sana. Jana nimesema sokoni mbele ya watu wote, Athumani akisikia. Mpaka sasa amenuna."

Radjabu aling'oa magugu mawili matatu kwenye mihogo yake. Hakumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. "Na matofali?"

"Iko mazima yote."

"Nitakuja Ijumaa."

"Usikuje peke yako."

"Nije na udongo?"

"Udongo iko Gitega. Njoo na wazee wako."

"Wazee wangu hawajui kujenga tanuri."

"Sijawaita kwa tanuri, sheri wangu."

Radjabu alikifunga kile kipande tena ndani ya kitambaa chake, akakitia mfukoni.

"Hiki nakuja nacho," alisema. "Wazee wakizungumza, Athumani atakishika, wote waone saruji ilikuwa ya nani."